Mwanangu anataka kuunda kompyuta mwenyewe, baba yake hataki

Salaam, mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Njombe mjini na mume wangu na watoto watatu. Mkubwa amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, anasubiri matokeo na nia yake ni kusomea mambo ya kompyuta. Juzi nimepokea hela yangu ya mchezo, na nikijumlisha na akiba kidogo niliyokuwa nayo nina milioni moja na laki mbili. Nyumbani tumekubaliana kwamba hela hii ni ya kompyuta ya mezani, itumiwe na wote. Baada ya hapo hatujakubaliana chochote.

Kijana anasema nisinunue kompyuta, nimpe hela aagize spea moja moja kutoka Kariakoo aunde mwenyewe. Anaangalia video za kuunda kompyuta mpaka usiku wa manane, na ana daftari zima lenye majina ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na mazabodi (bamba linalobeba spea zote). Anasema tukishamaliza tuweke mfumo wa Linux badala ya Windows kwa sababu ni bure na haina virusi. Baba yake hataki hata kusikia. Anasema mtoto hajawahi kufungua redio, leo anataka kuunganisha kitu cha milioni, na spea zikiungua hakuna duka litakalozipokea.

Fundi wetu wa hapa mjini naye ana lake. Ana HP EliteDesk 800 G2 ya mtumba, Core i5, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, diski ya GB 500, na anaitoa kwa laki nne na nusu pamoja na kioo. Anasema atatupigia Windows 10 na Office yote, na hakuna mtu atakayetudai leseni.

Kazi zangu mimi ni kutunga mitihani kwa Word, yenye majedwali na michoro ya hisabati, kuwatumia walimu wenzangu na kuichapa kwa printa yangu ndogo ya HP. Pia naingia kwenye mifumo ya serikali ya mtandaoni: PReM ya taarifa za wanafunzi, ESS na PEPMIS za watumishi. Wadogo wanahitaji kusoma na kuangalia masomo ya video. Umeme huku unakatika, na mvua zikianza radi hazituachi.

Nimpe kijana hela? Hiyo Linux itanifaa mimi niliyezoea Word? Windows ya fundi ina ubaya gani kama inafanya kazi? Na nitafanyaje ili baba yao asione kwamba amepuuzwa?

Mama wa watatu, Njombe

JIBU

Mwalimu, salaam kwako, kwa mzee na kwa watoto wote.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Kijana apewe kazi, ila si ya kuunda kompyuta mpya kuanzia sifuri. Nunueni kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ikishafika, yeye ndiye aifungue, aisafishe, aongeze RAM, afunge SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na kupiga mifumo endeshi. Nasema mifumo kwa sababu nataka muwe na miwili: Windows 11 halali kwa ajili ya kazi zako, na Linux Mint kwenye diski yake ya peke yake kwa ajili ya masomo ya kijana. Ile G2 ya fundi iacheni, hata akishusha bei.

Tatizo la G2 si uchakavu. Mashine zile ni imara na nyingine zitafanya kazi miaka mingi ijayo. Tatizo ni prosesa. EliteDesk 800 G2 ilitoka na prosesa za kizazi cha sita, kama i5-6500. Tazama namba inayokuja baada ya kistari: i5-6500 ni kizazi cha sita, i5-8500 cha nane, i5-12400 cha kumi na mbili. Muuzaji akikwambia tu "hii ni Core i5" hajakwambia kitu, maana i5 zimekuwepo sokoni tangu 2009. Microsoft walipotoa Windows 11 mnamo Oktoba 2021 waliweka sharti kwamba prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha nane au zaidi, na kompyuta iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine za nyuma ya hapo zilibaki na Windows 10, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaojiandikisha wanapata masasisho ya usalama ya nyongeza, lakini kwa watumiaji wa nyumbani nayo yanaishia Oktoba 2026. Zipo njia za kulazimisha Windows 11 iingie kwenye G2, na fundi anaweza kukufanyia, ila Microsoft hawaahidi kuendelea kuisasisha mashine ya namna hiyo. Wewe unaingiza humo alama za watoto wa watu na kufungua taarifa zako za utumishi. Usiweke mambo hayo kwenye mfumo ambao mlango wake ukibomoka hakuna wa kuuziba.

Kwa hiyo kwenye HP ulizieni EliteDesk 800 G4 au ProDesk 600 G4, na kwenye Dell ulizieni OptiPlex 5060 au 7060. Hizi zilianza kutoka 2018, na nyingi zina i5-8500 yenye viini sita. Kwa kutunga mitihani, kuangalia masomo ya video na kujifunza kuprogramu, hiyo inatosha na kubaki. Chagueni yenye kasha la ukubwa wa kati, si zile ndogo kabisa zinazoitwa Mini au Micro. Zile ndogo ni nzuri kwa kuokoa nafasi, lakini zinatumia RAM za laptopu na ndani hazina pa kuongeza vitu, kwa hiyo kijana hatapata cha kujifunzia.

Sasa tumzungumzie huyo kijana na daftari lake. Hamu aliyo nayo ni mali, Mwalimu, na naomba nyumbani isichukuliwe kama utoto. Ungekuwa na hela mara mbili ya hiyo ningekwambia mwache aunde yake mpya leo hii. Lakini milioni na laki mbili hiyo hiyo inatakiwa inunue kioo, kibodi, mausi na UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika), na ukishatoa hivyo kinachobaki kwa spea mpya ni kidogo. Hela ikibana, mtu huanza kupunguza mahali pasipofaa kupunguzwa, na mara nyingi huanzia kwenye pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Zile za bei poa zisizo na jina zina kiswichi nyuma chenye alama za 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 ikachomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230, inaungua papo hapo, na inaweza kuondoka na mazabodi. Halafu kuna RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei yake imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye vituo vikubwa vya data vya akili mnemba. Mashine ya mtumba inakuja na RAM yake ndani, na hilo peke yake limebadilisha hesabu za watu wengi waliokuwa wamepanga kuunda.

Ajipime kwa maswali mawili kutoka kwenye daftari lake. Kama ameandika i3-12100F, ajue kwamba hiyo F mwishoni ina maana prosesa haina sehemu ya kutoa picha. Ataunganisha kila kitu, feni zitazunguka, na kioo kitabaki cheusi mpaka anunue kadi ya picha. Isiyo na F ndiyo inayotoa picha yenyewe. Na kama ameandika mazabodi ya H610, aangalie vizuri ni ya RAM aina ya DDR4 au ya DDR5, maana zipo za aina zote mbili na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Kama yote mawili alikuwa anayajua, basi mwambie baba yake kwamba kijana anasoma kwa makini. Kama hakuyajua, ameokoa hela yako leo.

Mashine ya mtumba ikifika, kazi yake haitakuwa ndogo. Kabla ya kugusa chochote apige picha za ndani kwa simu, kila waya uonekane ulipochomekwa. Achomoe waya wa umeme, kisha abonyeze kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki ndani iishe, na aguse chuma cha kasha kabla ya kushika mazabodi. Vumbi litolewe nje ya nyumba kwa brashi laini, na feni zishikwe kwa kidole zisizunguke wakati wa kupuliza. Halafu afungue chuma cha kupoza kilicho juu ya prosesa. Atakuta dawa ya kijivu ya kupitisha joto, na kwa mashine iliyotumika ofisini miaka saba huwa imekauka. Aifute yote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa spiriti kidogo, aweke mpya tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, arudishe chuma na kukaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, bila kumaliza upande mmoja kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea: wanakaza upande mmoja mpaka mwisho, chuma kinalala upande, na kompyuta inakuwa inajizima ikipata moto.

RAM inataka nguvu kuliko anayeanza anavyotegemea. Ina pengo dogo chini linaloonyesha upande, na ikikaa vizuri kishikizo kinalia "tak". Kama mnafikisha GB 16, mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya 16, kwa sababu prosesa inazisoma zote mbili kwa pamoja na mashine isiyo na kadi ya picha inafaidika sana na hilo. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye mazabodi, CR2032, abadilishe tu bila kungoja. Ikichoka, kila umeme ukikatika saa ya kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka.

Kuhusu SSD sina maneno mengi: ndiyo badiliko ambalo wewe mwenyewe utalihisi kuliko yote. Diski ya zamani inayozunguka, kama ile ya GB 500 ya fundi, ndiyo inayofanya watu waseme kompyuta imezeeka. G4 na 7060 zina tundu la SSD fupi za M.2, na bado zina nafasi ya SSD ya kawaida ya SATA. Hapo ndipo mpango wangu wa mifumo miwili unaposimama.

Tuje kwenye mifumo, na kwenye hofu yako ya Word. Mwalimu, kinachokufunga si Windows. Kinachokufunga ni mafaili yako. PReM, ESS na PEPMIS zote zinafunguka kwenye kivinjari, na Firefox au Chrome ya Linux inazifungua sawasawa na ya Windows. Printa yako ya HP nayo haina shida kubwa, kwani Mint inakuja na programu za kuendesha printa za HP, na nyingi zinatambuliwa ukizichomeka tu. Chache za leza zinadai kipande cha ziada ambacho mfumo wenyewe unakielekeza. Pagumu ni mitihani. Kwenye Linux utatumia LibreOffice Writer, ambayo inafungua mafaili ya Word bila kinyongo. Maandishi ya kawaida hayahami, maana mahali pa Times New Roman, Calibri na Cambria zipo fonti mbadala zilizochorwa kwa upana ule ule: Liberation Serif, Carlito na Caladea. Shida inaanza kwenye majedwali yenye visanduku vilivyounganishwa, michoro uliyochora kwa maumbo ya Word, na visanduku vya maandishi vilivyowekwa juu ya picha. Mchoro wa pembetatu unaweza kuhamia ukurasa wa pili ukaliacha swali lake ukurasa wa kwanza, na wewe ukagundua karatasi mia zikishachapwa.

Ndiyo maana nasema ubaki na Windows kwa sasa. Hata hivyo, wekeni LibreOffice humo humo ndani ya Windows, nayo ni bure na halali. Mtihani mpya utunge nayo kuanzia mwanzo, badala ya kufungua wa zamani na kuurekebisha. Ukimaliza, wa kuchapa utoe kama PDF, ambayo haihami popote. Ule unaotaka wenzako waurekebishe, upakie kwanza kwenye Word ya mtandaoni, ambayo ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft, uone umekaaje. Ukipita muhula mmoja hivyo bila kero, utakuwa umepata jibu lako kuhusu Linux kwa mikono yako. Ukiona inakuchosha, nunua leseni ya Office kwa hela itakayobaki, na usijione umeshindwa. Kazi yako ni kufundisha, na zana ni ile inayokuacha ufundishe.

Kijana kwa upande wake ana haki kuhusu Linux, isipokuwa hapo kwenye virusi. Virusi vya Linux ya mezani ni vichache, lakini vipo, na ukiandika nywila yako kwenye tovuti ya kitapeli hakuna mfumo utakaokuokoa. Kuhusu ubure wake, baba yao asiufananishe na ubovu. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leo kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zinatumia Linux. Kama simu yako ni ya Android, unatembea nayo mfukoni. Hata hapa kwetu si ngeni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ninayokupendekezea imetokana na OpenOffice hiyo hiyo. Anayekwenda kusomea kompyuta ataikuta Linux mbele yake, kwa hiyo akianza nyumbani ametangulia. Namshauri Mint toleo la 22, ambalo litapata masasisho mpaka 2029, na sura yake haimshangazi aliyezoea Windows. Faili la kupakua ni karibu GB 3; ajipange na bando la usiku.

Asiziweke Windows na Mint kwenye diski moja. Inawezekana, na video zitamwonyesha, lakini kosa moja kwenye kugawa diski linafuta mitihani yako. Windows ikae kwenye SSD ya M.2. Siku ya kupiga Mint aitoe hiyo SSD kabisa, ni skrubu moja tu, achomeke ile ya SATA peke yake, apige, halafu airudishe. Baada ya hapo akiwasha kompyuta ya HP akabonyeza F9, au F12 kwa Dell, atachagua mfumo anaoutaka. Wewe usiyebonyeza kitu utaingia Windows kama kawaida, mradi ameiachia BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, maelekezo hayo. Atakutana na jambo moja litakalomtatiza: akitoka Mint kwenda Windows, saa itakuwa imerudi nyuma kwa saa tatu. Hakuna kilichoharibika. Linux inaandika saa ya dunia kwenye mazabodi, Windows inaisoma kana kwamba ni saa ya hapa kwetu. Afungue dirisha la amri kwenye Mint aandike timedatectl set-local-rtc 1, na saa zitapatana. Jingine ni lako: Windows 11 inaweza kuifunga diski kwa msimbo ukishaingia na akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kuokolea unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Uandike kwenye karatasi, uweke pamoja na vyeti vyako, kabla kijana hajaanza kuchezea BIOS.

Umeuliza Windows ya fundi ina ubaya gani kama inafanya kazi. Ni kweli inafanya kazi. Lakini mwangalie anapoipiga: programu anayotumia kuifanya ionekane ina leseni inamtaka kwanza azime antivirusi. Maana yake umeruhusu programu ya mtu usiyemjua iingie na kupewa mamlaka yote, mlinzi akiwa ametolewa nje, halafu kwenye kompyuta hiyo hiyo unahifadhi mitihani ambayo watoto hawajaifanya. Mwalimu, wewe unajua mtihani ukivuja anayeulizwa ni nani. Uzuri ni kwamba huna haja nayo. Kompyuta za maofisini za miaka hiyo kwa kawaida zilitoka kiwandani na ufunguo wa Windows Pro ndani ya BIOS yenyewe. Kijana apakue Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft, aiweke kwenye fleshi ya GB 8 au zaidi, aipige upya, na ikishaunganishwa na intaneti itajitambua kuwa ina leseni. Hutalipa hata shilingi. Nasisitiza aipige upya, hata kama muuzaji atawapa ikiwa tayari, kwa sababu hamjui aliyeipiga alitumia nini.

Fundi msigombane naye. Mwombeni awatafutie G4 kwa watu wake wa Dar, mmlipe usumbufu wake, na siku kijana anafungua prosesa awepo pembeni. Fundi mwenye miaka kadhaa mezani ataona kosa kabla halijatokea, na kijana atajifunza kwake vitu ambavyo video hazionyeshi.

Sasa baba yao, ambaye ana hoja ya kweli: spea ikiungua, hasara ni yenu. Kinachounguza kompyuta nyingi ni umeme, kwa hiyo umeme uwe wake. Aanze na soketi ya mahali itakapokaa. Kama ukigusa chuma cha kasha unahisi msisimko kwenye vidole, nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi, na hilo anatakiwa kulimaliza fundi umeme kabla kompyuta haijachomekwa siku ya pili. Achague yeye UPS. VA zilizoandikwa kwenye boksi si wati; ya VA 650 inabeba wati pungufu ya hizo, na itawapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, si za kuendelea kuangalia filamu. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS, inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Radi zikianza kunguruma, UPS haitoshi: waya utoke kabisa ukutani, na kama intaneti inakuja kwa waya, nao utoke.

Kwa hela yako, karibu nusu iende kwenye kompyuta yenyewe, robo kwa kioo na UPS, na inayobaki ni ya SSD, RAM kama itahitajika, na akiba ya mambo yasiyotarajiwa. Kabla ya kutuma hata senti, muuzaji awatumie picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza iwe ukurasa wa BIOS unaotaja jina kamili la prosesa. Hapo pia aonyeshe kwamba BIOS inafunguka bila nywila, kwa sababu nyingine zinatoka kwenye makampuni zikiwa zimefungwa, na nywila hiyo haiondoki kwa kutoa betri. Ya pili iwe nyuma ya kasha, matundu ya kuunganishia kioo yaonekane. G4 na 7060 nyingi zina DisplayPort bila HDMI, wakati vioo vingi vya mtumba vina HDMI au VGA, na watu hufika nyumbani na mzigo wote halafu wanakosa waya. Agizeni waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI uje kwenye boksi lile lile. Kioo kisifungwe pamoja na kompyuta kwenye mzigo wa basi. Kama Njombe kinapatikana, kinunueni hapo hapo, kiwashwe mbele yenu kikiwa cheupe kote, ndipo mlipe.